Kipimo cha Boriti

Ramani ya kwanza niliichora Nairobi:
karakana ya wasanii, mita sita kwa tisa,
mwanga wa kaskazini kama nilivyofunzwa,
ukuta mmoja mzima wa kioo.
Fundi Shee Famau aliikunjua juu ya mfuko wa saruji,
akaigandamiza kwa nyundo isipeperuke,
akauliza, "Boriti ya mita sita
yatoka mkoko gani?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kujenga Matondoni.
Mti ndio unaosema chumba kikome wapi.
Dhiraa sita, basi. Urefu utakavyo,
upana si wako.
Nikafuta. Vyumba vikawa vyembamba,
kama mtu aliyelala ubavu
ili mwenziwe apate nafasi kitandani.

Mchongaji tulimpa chini, karibu na kisima.
Mwandishi, sabule ya juu, ngazi yake mwenyewe:
ashuke akiwa na njaa,
asipite mbele za watu siku asipoandika kitu.
Mpiga udi tulimgombania. Shee alitaka akae mbali.
Mimi nikamweka ubavuni mwa jiko,
wapishi nao wana masikio.

Zidaka arubaini na mbili, chokaa juu ya chokaa.
Zamani zilibeba sahani za kaure.
Sasa brashi, chaja, dawa ya macho,
barua ambayo mtu hajaamua kuijibu.

Ikabaki nyumba ya kati,
chumba cha ndani kabisa, kisicho dirisha,
walimozalia wa kale, walimooshea maiti wao.
Kwenye ramani nilikiandika STOO.
Shee aliweka kidole juu ya neno hilo,
akakiacha hapo kidogo,
kisha akaenda kuswali alasiri.

Aliporudi nilikuwa nimefuta.
Sikuandika neno jingine.
Tuliacha ndoano ya taa, na mkeka.

Mwezi wa pili wa wageni
Anyosisye, mchoraji wa Tukuyu,
aliingia mle na picha aliyoikwangua siku kumi na tisa,
akajifungia.
Alfajiri alitoka mikono mitupu,
rangi ya samawati hadi kwenye nyusi.
Hatukumuuliza kama alikuwa akizaa
au akiosha.
Aliuliza choo kiko upande gani.
Na hapo, kusema kweli, nilikosea:
nilikiweka mbali mno.