Utingo wa Mkiani

Mvua ya Shap imeanza Alhamisi, leo Jumamosi,
na haioneshi nia ya kuhama.
Bandani kwa Tallentire tumekalia makreti,
birika linanguruma juu ya jiko la mafuta taa,
na Scammell amesimama katikati, boneti juu,
kijani cha jeshi kikichungulia
chini ya nyekundu mbili za amani.

Mimi nimeitwa kwa ajili ya breki.
Siku za kazi natengeneza mabasi ya shule, Penrith;
wakasema njoo, chai ipo.
Hawakusema kwamba chai yao hukolezwa kwa tani.

"Antar," anasema Airey, "Ujerumani, mwaka hamsini na nane.
Kifaru mgongoni, barabara ya mawe, kijiji kimelala.
Tulipopita, vigae vilishuka mapaani kutusalimu.
Ilikunywa mafuta kama deni linavyokunywa mshahara."
Wanacheka. Mwingine ana Matador
iliyong'oa misonobari kwa winchi msimu mzima
kisha ikashindwa kujing'oa yenyewe kwenye tope.
Mwingine anaapa aliijua sauti ya Foden kabla hajazaliwa,
mama yake akipeleka chakula gereji.
Wanafika kwenye gia.
Nne? Sita? Wanabishana
kama mtaa uliogawanywa na mwezi mwandamo,
nusu wamefungua, nusu bado wamefunga,
na mashine yenyewe ipo hapo, haiulizwi.

Eldred Hodgson yuko mlangoni,
ametupa kisogo, anatazama mvua.
"Huyo hakuendesha," nanong'onezwa. "Alikaa nyuma ya tela."
Wana neno lao. Langu limekuja bila kuitwa:
utingo.

Namfuata na kikombe. Kule nyuma ulikuwa unaona nini?
"Tulikotoka," anasema.
Miaka kumi na moja, kiti cha mbao,
gurudumu la breki mikononi, gunia mabegani,
transfoma ya tani tisini ikimzibia dunia ya mbele.
Watoto walipungia uso wa lori;
yeye alipofika, walishashusha mikono.
Mmoja tu, Kendal, msichana mwenye kiatu kimoja,
alingoja hadi mkia upite, akampungia.
Anamkumbuka hadi rangi ya soksi.

Kisha usiku wa barafu, mlimani hapahapa.
Amri ilikuja kwa kengele: moja, legeza; mbili, kaza.
Waya ukaganda. Kengele ikawa bubu.
Akasikia injini ikikata pumzi kati ya gia na gia,
na tela likaanza, polepole,
kuikumbuka Kendal.
"Sikungoja kuambiwa," anasema. Akazungusha.
Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma.
Asubuhi, mezani, dereva akasimulia
jinsi yeye alivyolishika lori.
Dereva alikuwa baba yake Tallentire.

Birika linalia, hakuna anayelitoa.
Tallentire anafuta spana safi.

Najua njia moja tu ya kuvunja kimya, nayo ni kazi.
Mzee, gurudumu hili la tela huzungushwa mara ngapi?
Anavua glovu. Kiganja cha kulia kinang'aa,
hakina mistari ya kusoma.
Anazungusha, tunahesabu wote, hata Airey:
kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, limekaza.
Mimi, fundi mwenye cheti, nasema basi.
"Bado nusu," anasema,
anaegemeza bega, na chini kabisa, ndani ya kutu,
kitu kinakubali.

Nje mvua ileile.
"Sita," Airey anasema, kama anayejiambia. "Gia zilikuwa sita."