Pete

Mita elfu nne juu ya bahari tusiyo nayo,
kila kitu hapa El Alto hupanda:
bei ya mkate, vumbi, vibanda vyekundu vya waya
ninavyovitunza tangu alfajiri.
Kazi yangu ni kusoma mkazo.
Mshale ukivuka mstari, nazima mtambo;
abiria wananing'inia angani, wanaguna.
Sijali. Na wagune.

Basilia alikuwa na wiki ya thelathini na moja
pete ilipokataa kutoka kidoleni.
Tukacheka. Nikasema, mapenzi yamekunenepesha.
Akaanza kuvaa viatu vyangu.
Kichwa kikamgonga siku tatu mfululizo;
mama yake akambandika majani ya koka mapanjani,
akasema ni mlima, mlima humwonea kila mwenye mimba.
Hakukosea sana.
Ila mlima hauna tarakimu, na sisi hatukupima.

Usiku wa Alhamisi akasema anaona nyota.
Nikafungua dirisha: mawingu matupu.
"Siyo huko, Fermín. Humu machoni."
Mkono wake ulikuwa chini ya mbavu za kulia,
umebana, kama anayezuia mlango.

Nesi Ofelia akamfunga mkanda, akapuliza, akasikiliza.
Akapuliza tena, kana kwamba kipimo kimemtania.
Mia na sabini na nane, chini yake mia na kumi na sita.
Kijiti cha mkojo kikageuka kijani.
Hakupaza sauti; wanaojua hawapazi.
"Presha imepanda," akasema,
kwa neno lile lile nilitumialo kwa vibanda vyangu.

Kifafa cha mimba kilikuwa kizingitini,
kimeshavua kofia.
Wakampa magnesiamu; akasema mshipa unaungua.
Daktari akanieleza kwamba dawa yake hasa ni moja, kuzaa,
na aliye tumboni hajawa tayari, na hatuna wa kumsubiri.
Nikatia sahihi. Kalamu ya kwanza haikuwa na wino.
Vidole vilikuwa vimevimba mno; wakauliza koleo.
Nilikuwa nalo kiunoni.
Niliikata mwenyewe.

Binti: gramu elfu moja, mia tatu na themanini.
Mama yake akamwita Warawara,
nyota, kwa Kiaymara.
Akasema, zile nyota lazima zinilipe.

Tukadhani yamekwisha.
Siku ya tano, nyumbani, kichwa kikarudi,
tukashuka mbio hadi hospitali na blanketi tu.
Hakuna aliyekuwa ametuambia
kwamba mtoto anaweza kushuka
na mama akabaki kwenye waya.

Sasa kipimo kiko mezani, kando ya birika.
Kabla sijaenda kazini namfunga mkono.
Basilia anaguna, chai inapoa.
Na agune.

Pete imo kwenye sanduku la vifaa, kati ya skrubu,
mdomo wazi.
Anauliza lini nitaipeleka kwa sonara.
Namwambia mwisho wa mwezi.