Meza

Guacimara Brito hanywi kahawa zamu ya usiku.
Inamtetemesha mkono, anasema,
na hapa kileleni, La Palma, juu ya mawingu,
kinachoruhusiwa kutetemeka ni nyota peke yake.

Nyota yenyewe ya manjano, ya kawaida,
haina jina, ina tarakimu kama kadi ya benki.
Machi, mistari ya mwanga wake ilisogea kwenye wekundu.
Juni ikarudi kwenye buluu.
Septemba, wekundu tena:
kama mtu anayezunguka meza
tusiyoiona.

Akakagua kioo. Akakagua saa.
Akamwamsha Anselmo, fundi wa mitambo, akakuna kichwa.
Hesabu akaipigia nyuma ya risiti ya mkate:
kilichopo katikati kina uzito wa majua tisa,
zaidi au pungufu kwa moja.
Mwanga wake: hakuna.

Basi hapo paliwahi kuwa na nyota, kubwa, yenye pupa.
Haidrojeni iliitosha miaka milioni kadhaa,
kaboni karne chache,
silikoni siku moja, kuanzia asubuhi hadi asubuhi,
ikabaki na chuma.
Na chuma hakiwaki.
Moyo ukaporomoka kabla ya kope kukutana,
labda bila kishindo,
labda hata moshi haukuaga.

Mashimo mengine hujitangaza. Hunyonya gesi ya jirani,
gesi ikapata moto, ikapiga mayowe ya eksirei
mpaka satelaiti zikageuka.
Hili halili. Halisemi.
Ndugu zake, wanakadiria, ni mamilioni katika Njia ya Maziwa,
na tunaowajua hawajazi basi mbili.

Alfajiri anashuka, kona baada ya kona, masikio yakiziba,
hadi ghorofa ya kukodi anakoishi na mama yake
tangu volkano iizike nyumba yao,
na mizabibu, na banda la mbuzi.
Sebule ni tupu. Hawajanunua kitu.
Mama anatoka jikoni na maziwa ya moto,
anafika katikati ya sakafu, anapinda kushoto,
anapita pembeni, taratibu, kiuno kikikwepa kona,
kisha ananyoosha njia hadi dirishani.

Guacimara amesimama mlangoni, funguo mkononi.
"Ilikuwa ya watu wangapi, mama?"
Mama haulizi nini.
"Wanane," anasema, akipuliza maziwa.
"Tisa, tukibanana."