Kifungo cha Euro Mbili

Saa tisa na dakika kumi na nne za usiku.
Kaunas imelala chini ya theluji iliyochafuka,
mimi niko jikoni, koti mwilini,
nasubiri jina la mtu likate roho.

Hufa hivi: kadi ya benki imepitwa na wakati,
barua pepe ya onyo imepotelea
baina ya matangazo ya viatu,
siku thelathini za huruma, kisha basi.
Jina hung'oka kama jino la mtoto,
nasi tusiolala, wa hapa, wa Busan, wa Montevideo,
tunaliinamia kwa mikono yote.

Nina majina mia mbili na kumi na moja.
Nyumba zisizo na kuta, wala bati, wala choo,
na kila moja lina kodi yake ya mwaka.
Nina jina la ugonjwa ambao haukuenea.
Nina la harusi ya watu walioachana kabla ya keki.
Nina moja lenye herufi iliyokosewa, nililinunua nimelewa,
nalivumilia kama shemeji.

Mara moja, moja tu, herufi tatu
zilininunulia gari kuukuu.
Tangu hapo, ukame.
Austėja, akipaka siagi kwenye mkate mweusi, huuliza,
"Lakini hasa unauza nini?"
Namwambia: chema chajiuza.
Hunitazama ninavyotembeza.

Januari nililidaka la vifungo.
Neno moja tu, Vifungo, kwa lugha yetu,
na nukta, na nchi yetu nyuma yake.
Nikaandika bei: euro elfu moja mia tisa.
Nikalala kama mfalme.

Wiki ya pili simu ikalia.
Sauti kavu, ya chaki:
"Wewe ndiye uliye na jina langu?"

Genovaitė Stulpinienė, miaka themanini na mmoja,
duka nyuma ya kituo cha mabasi.
Alilazwa wiki saba, nyonga,
na hakuna aliyemlipia.

Nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa na sentensi tayari,
za adabu, zenye neno "soko" ndani.
Hakulia. Alikuja mwenyewe na mkongojo,
akaketi kiti cha Austėja, akavua glavu kidole kwa kidole.

"Nimeuza vifungo tangu zama za Wasovieti,
walipotupa sote kifungo cha aina moja.
Namjua mtu aliyeshika kitu asichokihitaji:
huipapasa bei yake kama mfuko uliotoboka.
Utalipia mwaka huu. Utalipia mwakani.
Mwaka wa tatu utachoka, nami nitakuwepo."

"Mama, una miaka themanini na mmoja."

"Basi fanya haraka.
Nikifa, mnunuzi wako amekufa."

Nilianza na mia tisa. Akanyamaza.
Mia nne. Akatazama dirisha.
Nikajisikia nikisema sitini, na sauti haikuwa yangu.
"Arobaini," akasema. "Na risiti."

Nikabofya. Jina likahama;
hata kijiko hakikutikisika.

Mlangoni akalitazama koti langu.
"Cha tatu kutoka juu kimekatika."
Akatoa mkebe wa biskuti mkobani, akachakura,
kelele kama mvua ya mawe,
akaibuka na kimoja cha pembe, cha kahawia,
kinachokaribia kufanana na vingine.
"Euro mbili."

"Mama! Si nimekupa jina?"

"Umeniuzia," akasema. "Nami nakuuzia."

Nililipa. Uzi ulikuwa bure.

Sasa ni saa tisa na dakika ishirini na nane.
Linalofuata ni la fundi wa vinanda, Šiauliai,
mtu ambaye sijui kama amestaafu,
au amesahau, au yuko wodini
akiuliza leo ni tarehe ngapi.
Dakika mbili.
Kidole kimoja kiko juu ya kitufe,
kingine, sijui tangu saa ngapi,
kinazungusha kifungo.