Karani wa Mizani

Neno la kwanza kumpotea lilikuwa "sufuria".
Alisimama jikoni, mkono hewani:
"Nipe ile… ile ya kuchemshia."
Tukacheka. Naye akacheka.
Tulicheka wiki nzima, Mungu atusamehe.

Dada Somoe, karani wa mizani,
miaka kumi na mmoja ghalani Newala,
na hakuna mkulima aliyerudi kulalamika.
Mtu akishusha gunia tu begani, yeye husema
"sabini na tisa na nusu,"
na mshale humfuata
kama mtoto amfuataye mama yake gengeni.

Mwezi wa kumi, msimu umechanganya,
alianguka katikati ya magunia,
povu mdomoni, kisigino kikipiga sakafu.
Jioni ile kila mtu alikuwa mganga:
ni kifafa; ni jini la baharini
(huku juu uwandani, bahari iko wapi?);
ni mkono wa mtu aliyepunjwa kilo.
Shangazi Asumini akaleta kuku mweusi.
Mama akampokea kuku, akashukuru,
akampika mchuzi.

Ndanda walituandikia barua. Mtwara walimpiga picha.
Daktari, kijana mwenye macho ya kukesha,
akagusa doa jeupe kwa ncha ya kalamu.
"Uvimbe," akasema. Si mkubwa:
korosho moja iliyobanguliwa.
Mama akauliza, "Daraja gani?"
Daktari akashangaa. Kumbe hata wao wana madaraja.
"La tatu, mama."
"Kwetu la tatu halipo," Mama akasema,
na hakusema tena mpaka tunashuka Kitangari.

Ilibidi kichwa kifunguliwe, Dar es Salaam.
Baba akaweka rehani mikorosho arobaini,
maua yakiwa bado juu.
Shangazi akalia: watamtoboa tundu mwanetu!
Baba akamjibu,
"Tumezaliwa ukingoni mwa Shimo la Mungu,
tumelea watoto pale, hakuna aliyetumbukia.
Tundu la daktari litatufanya nini?"
Kisha akaenda nyuma ya choo
akakaa huko mpaka giza.

Amerudi na mshono kutoka sikio hadi utosi.
Chande ana zamu ya usiku; pikipiki yake
inalala mapema kuliko pikipiki zote mjini.
Vidonge tunavipa saa kwa taarifa ya habari.
Baba, ambaye hakujua chumvi inakaa wapi,
anakoroga uji. Una mabonge.
Somoe anayatafuna mabonge, anatikisa kichwa,
na Baba anayahesabu kama sifa.
Dawa zinamtia njaa ya ajabu:
saa nane za usiku anataka ming'oko,
si kesho, sasa hivi, na pilipili,
nasi tunawasha moto.

Jina langu limekwenda lilikokwenda sufuria.
Ananiita "wewe wa jana".
Kuna usiku alinipiga kofi, akalia yeye,
na mimi nikatamani iishe, vyovyote vile, iishe.
Nimeliandika hilo. Silifuti.

Asubuhi ninambeba mgongoni kumpeleka kuoga.
Kidevu chake begani, pumzi ina harufu ya vidonge.
Jumatatu iliyopita, mlangoni, akanong'ona:
"Arobaini na tisa."
Nikasimama.
"Na nusu," akaongeza, kwa sauti ile ya ghalani.
Nikamwita Mama. Nikamwita Baba.
Chande akaamka, akaja na shuka kiunoni.
"Arobaini na tisa na nusu," nikawaambia,
kama anayesoma matokeo ya mtihani.

Kliniki wakampandisha kwenye mizani.
Mshale ukayumba, ukatulia:
arobaini na tatu.
Nesi akaandika.
Mama akaigonga ile mizani kwa kiganja, mara mbili,
akamtazama nesi usoni.
"Mbovu hii," akasema.
"Leteni nyingine."