Viti vya Nyuma

Saa moja kasorobo, stesheni ya chini,
Nagai ananikabidhi masanduku kumi na tisa
kupitia mlango wa nyuma, moja moja,
kama mtu anayepitisha sahani za moto.
Zamani gari lake lilinifuata mgongoni,
kona arobaini na mbili hadi Kamisugi,
mimi na abiria wawili, yeye na vifurushi vitatu,
injini mbili zikikohoa mlima mmoja.
Tukishuka tulipigiana honi,
kila mmoja kapakia hewa.

Hewa haina nauli.
Kampuni ilikwisha kuandika barua ya kufunga njia;
kamba ilikuwa imefika pembamba.
Ndipo akaja mtu wa hesabu, binti mmoja mwenye mafua,
na futi kamba mkononi, akang'oa viti sita vya nyuma,
viti vya wanafunzi, na shule yenyewe haipo tena,
akaweka reli, mikanda na jokofu dogo.
Nilinuna wiki nzima.
Mimi ni dereva wa watu, nilisema.
Sikusomea kuendesha kabichi.

Sasa Nagai hapandi. Dizeli yake inalala,
naye huwahi nyumbani kumwogesha mwanawe.
Mimi hupanda na dawa za presha, betri, matairi ya baiskeli,
hushuka na kreti za yuzu
zinazonukisha basi zima hadi mjini,
na abiria wangu, wakiwapo, hawalalamiki.

Leo theluji. Abiria ni mmoja, Bi Hirose,
anatoka kliniki. Boksi moja limekosa mkanda;
nikamwomba alishike.
Akalipakata kona zote arobaini na mbili,
akilikumbatia kila tulipoyumba,
akilisemesha: tulia, tulia.

Kituo cha mwisho nikavaa miwani, nikasoma lebo.
Ni lake. Limetoka Osaka, kwa Tatsuhiko,
ambaye sijampakia tangu mazishi ya baba yake.

Alilitazama kwa muda.
"Nauli yake kalipa nani?"
"Yeye mwenyewe."
"Basi amepanda," akasema. "Angalau amepanda."
Akashuka nalo polepole, akikataa mkono wangu.

Nikageuza gari. Kreti nane za yuzu zilikuwa zikingoja
chini ya paa la kituo, theluji imeziingia pembeni.
Nikazifunga mikanda, nikakagua mara mbili,
kama enzi za wanafunzi.