Jina la Mvua

Walikuita Nyakoth
kwa sababu ya manyunyu ya dakika kumi
yaliyopiga mabati ukitoka.
Hakuna aliyetafuta jina
la ile miezi ya jua kabla yako.

Mimi ninayo, ile miezi.
Januari, Februari, Machi,
Obunga haina kivuli cha kukopesha.
Nilisimama mbele ya karai, tumbo limetangulia,
nikigeuza mgongo wazi kwenye mafuta,
jua kisogoni, moto usoni,
na wewe katikati.
Siku moja, saa nane mchana, ulitulia tuli.
Nikagonga tumbo kwa kidole: hodi.
Ulikawia kujibu.

Alikuwa amekuja kijana wa utafiti, Simiyu,
akatundika kwenye boriti
kidude kama kifungo cha koti.
Kinapima joto, alisema, usiku na mchana.
Nyanya yako akauliza kama kinalipunguza.
Kijana akatazama viatu vyake.
"Hapana, mama. Kinaandika tu."

Ukaja wiki nne kabla ya hesabu,
kilo mbili na robo,
sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Kufika Julai, upepo wa ziwani
ukajua pale mabati yanapokosana na ukuta.
Mabati yaleyale! Mchana tanuri,
alfajiri yanadondosha jasho la baridi
juu ya neti yako.

Usiku wa Jumanne nikasikia kifua.
Si kikohozi. Kama mtu anapepeta mtama
chumba cha jirani, polepole, asiamshe watu.
Dorsila, yule wa afya ya jamii, akaja
na kandambili zisizofanana,
akakufunua, akatunyamazisha.
Chini ya mbavu ngozi ilizama, ikarudi, ikazama.
Alihesabu midomo ikicheza.
Nami nikahesabu.
Yeye sitini na mbili. Mimi sitini na nne,
mama huongeza.
"Chukua leso. Twende."

Hospitalini waliniuliza mengi.
Kuna anayevuta sigara nyumbani? Hapana.
Unapikia kuni? Ndiyo, na ndizo zinatulisha.
Chanjo? Kitabu hiki hapa.
Fomu haikuwa na mstari wa jua.
Nikakaa na swali ambalo sikuulizwa,
nikitazama mrija mwembamba puani mwako
ukikupa hewa kwa kijiko.

Agosti, baba yako amepaka mabati chokaa,
majirani wanasema tunajenga kanisa.
Simiyu akarudi kuchukua kifungo chake.
Nikamwambia, nionyeshe kilichoandikwa.
Akafungua kompyuta: mstari mwekundu,
vilima na mabonde, miezi yote.
Sikuhitaji kusomewa tarehe.
Nikaweka kidole kwenye kilele:
hapa. Hapa ndipo nilipobisha hodi.

Akaniangalia, kisha akakuangalia wewe mgongoni.
Ulikuwa umelala, mdomo wazi.
Arobaini na moja.
Jana ilikuwa arobaini na tatu.